Mtaa wa Jumapili Alasiri

Kafe ya intaneti niliyofanya kazi ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vitambaa, nyuma kidogo ya soko la Kariakoo. Zamani chumba kile kilikuwa stoo ya majora ya vitenge. Biashara huria iliporuhusiwa na kila mwenye uwezo akaanza kwenda Dubai kuleta mzigo wake mwenyewe, mwenye duka aliona majora yake yanakaa muda mrefu kuliko zamani. Alikuwa Mhindi wa makamo, mzaliwa wa Upanga, na sote tulimwita Bosi. Akayateremsha majora yote chini, akapaka chumba rangi nyeupe, akaweka kompyuta zilizokwisha kutumika Ulaya, akaning'iniza feni mbili, kisha akatafuta mtu wa kukaa mezani. Mtu huyo nikawa mimi.

Nilikuwa nimetoka Masasi miaka michache kabla, nikikaa kwa shangazi yangu Ilala. Shangazi aliuza mitumba Mchikichini, na nilimsaidia mpaka nilipomaliza kozi fupi ya kompyuta. Kwa hiyo nilikuwa na ujuzi wa aina mbili: kuchapa bila kuangalia kibodi, na kukaa na watu nisiowajua mbele ya belo la nguo lililofunguliwa. Ule wa kwanza ndio ulionipa kazi. Wa pili sikujua kama ni ujuzi.

Wateja wetu wa mchana walikuwa wafanyabiashara wanaoandikiana na wauzaji wa nje, wanafunzi wanaotafuta vyuo, na watu wenye ndugu mbali. Waliobaki walikuja kuchati. Ukumbi wa kuchati, kwa ambaye hakuwahi kuuona, ulikuwa ukurasa mmoja ambamo watu wengi waliandika kwa wakati mmoja, na maneno ya kila mtu yakawa yanapanda kwenye skrini mbele ya wote. Kulikuwa na kumbi za Waswahili, na humo ungekuta mtu wa Mwanza, wa Muscat, wa Uingereza na wa Marekani, wote saa ileile. Mimi nilizunguka nyuma ya viti vyao kurekebisha hiki na kile, na nilichokiona kwenye skrini kilikuwa kilekile siku zote. Mtu anaingia. "Mambo?" "Poa." "Uko wapi?" "Bongo." "Me au ke?" Baada ya hapo ni kimya, au matusi, au mmoja anamvuta mwenzake wakaongee pembeni.

Siku moja msichana mmoja wa sekondari alisukuma kiti nyuma kabla muda wake haujaisha.

"Vipi, mtandao umekata?" nikamuuliza.

"Haujakata, dada. Nimesalimia watu mpaka nimechoka. Hakuna la kufanya humu."

Maneno yale nilikwenda nayo nyumbani. Mchikichini niliona jambo tofauti kabisa. Shangazi akikata kamba za belo, wanawake wasiojuana walisogea, wakaingiza mikono kwenye rundo moja, na kabla nguo ya kwanza haijakunjuliwa walikuwa wameshaanza kuongea. "Hiyo itakukaa, mama, wewe ni mrefu." "Nipe mimi basi." "Shika upande huo tuone kama imetoboka." Hakuna aliyeulizwa jina wala anakotoka. Mikono ilikuwa na kazi, na mdomo ukafuata. Wakiondoka, mwingine alikuwa ameshajua mtoto wa mwenziwe ana surua na mume wake yuko Tanga.

Nikaanza kujiuliza kama inawezekana kuwafungulia watu belo ndani ya kompyuta.

Nilimweleza Bosi kwamba Jumapili alasiri kafe inakuwa tupu kwa sababu maduka yamefungwa, na kwamba ningependa kufungua ukumbi wetu wenyewe, niwaalike watu kutoka kwenye zile kumbi kubwa, waje kufanya kitu pamoja.

"Kitu gani?" akauliza.

"Bado sijajua."

"Watatoka Uingereza waje kufanya kitu ambacho wewe mwenyewe hukijui?"

"Wanaweza."

Akatikisa kichwa, lakini akaniachia funguo.

Jumapili ya kwanza niliandika mwaliko: karibuni tuzungumze kuhusu maisha. Walikuja wachache, wakasalimiana, wakaniuliza me au ke, wakaondoka. Jumapili iliyofuata nikasema tutunge hadithi, kila mtu sentensi moja. Walikuja wengi zaidi, nikafurahi. Haukupita muda, shujaa wa hadithi akawa ameuawa, akafufuliwa, akaozeshwa mara mbili kwa wanawake tofauti, na wawili miongoni mwa watunzi wakawa wanatukanana kwa sababu mmoja alimtaka awe dereva na mwingine alimtaka awe daktari. Nilifunga ukumbi nikakaa nikiitazama skrini. Baadaye, nikiwa nakunja nguo na shangazi, nilielewa kosa langu lilipokuwa. Nilikuwa nimewapa watu shati moja, na kila mmoja akavuta mkono wake.

Walichohitaji ni kila mtu kuwa na chake, lakini kiwe kando ya cha mwenzake.

Ndipo nikapata wazo la mtaa. Nilichukua karatasi kubwa ya manila, nikachora barabara moja katikati na viwanja vitupu huku na huku, nikaibandika ukutani karibu na meza yangu. Jumapili ile, kila aliyeingia ukumbini nilimwandikia: "Karibu mtaani. Kiwanja chako ni kile baada ya kona. Jenga nyumba yako. Tuambie tukipita nje tunaona nini." Yeye akiandika, mimi nachora kwa penseli ukutani. Mtu wa kwanza alijenga nyumba yenye cherehani barazani. Wa pili akasema yeye ni jirani wa cherehani, kwa hiyo hapati usingizi, na nyumba yake ina mlango mzito. Yule wa kwanza akamjibu kwamba atampelekea mapazia bure ili anyamaze. Wakacheka. Nilijua wamecheka kwa sababu waliandika hivyo, na kwa sababu hawakuondoka.

Kanuni zilizaliwa moja moja, kila tatizo lilipojitokeza. Majina niliyaondoa mapema. Mtu akitaja jina, wengine walianza kupiga hesabu ya dini yake na kabila lake, na ujenzi ukasimama. Kwa hiyo kila mtu aliitwa kwa nyumba yake: Wa Cherehani, Wa Mlango Mzito, Wa Kuku. Salamu nayo ilitusumbua. Katika ukumbi humuoni mtu, hujui nani wa kumpa shikamoo na nani wa kumwambia mambo, na Waswahili hatuwezi kuanza jambo kabla salamu haijakaa sawa. Tukakubaliana kwamba kila anayeingia atapiga hodi, na wote waliomo wataitikia karibu. Hodi haina umri. Hata hivyo, mara moja Wa Kuku, ambaye tulimdhania kijana kwa utani wake, aliandika kwamba wajukuu wake wamemfichia miwani. Mara shikamoo zikamiminika moja baada ya nyingine mpaka zikajaza skrini. Akajibu marahaba moja kwa wote na kutuamuru turudi kazini.

Umeme ulikuwa wa mgawo. Ulipokatika, sisi tuliokuwa ndani ya kafe tulitoweka kwa mpigo mmoja, tukawaacha wa nje peke yao mpaka Bosi apande kuwasha jenereta. Kanuni ikawa kwamba mtu akipotea ghafla, jirani yake wa kulia analinda nyumba. Analinda kwa kuandika: anafagia uwanja wake, anaanua nguo zake, anajibu hodi kwa niaba yake. Watu waliporudi walikuta wamepikiwa wali. Wapo waliokuwa wakipotea makusudi ili warudi wasome walichofanyiwa.

Matusi nayo yalikuja, kama yanavyokuja kila mahali. Jamaa mmoja aliingia akaanza kututukana kwa zamu. Sikumfukuza. Niliandika tu, "Karibu. Nyumba yako ipi?" Akaandika kwamba yeye anakaa jalalani. Wa Cherehani akamjibu kwamba ni kweli mtaa hauna jalala na takataka zimeanza kunuka, kwa hiyo amekuja wakati mzuri. Nikalichora jalala mwisho wa barabara. Yule jamaa akauliza kama anaweza kuwa na mkokoteni. Wa Jalala akawa mkazi wetu mwaminifu kuliko wote, kwa sababu kazi yake ilimpitisha kila nyumba, na yeye ndiye aliyejua nani ametupa nini.

Miezi ikapita, manila ya kwanza ikajaa, nikaunganisha ya pili. Wateja wa kawaida walianza kusimama kuitazama. Bosi naye alikuwa akipanda na kikombe chake cha chai, anasimama mbele ya ukuta, anasoma.

"Hamna duka la vitambaa," akaniambia siku moja.

"Hakuna aliyejenga, Bosi."

"Mtaa gani hauna duka la vitambaa?"

Nikamwonyesha kiti. Akakaa, akachapa kwa kidole kimoja, akajenga duka ambalo majora yake hayakai muda mrefu.

Mtu ninayetaka kusimulia habari zake hasa aliingia wakati mtaa umeshapata sura. Alipiga hodi kwa adabu, akaomba kiwanja, akaanza kujenga. Nilikuwa nimezoea nyumba za ndoto: ghorofa za vioo, nyumba juu ya mti, mmoja alijenga ndani ya mtumbwi uliopinduka. Huyu alijenga nyumba ya kawaida ya Kariakoo. Korido katikati, vyumba pande mbili, uani mpapai na bomba linalovuja, choo na jiko nyuma, baraza ya saruji mbele, na dirisha la mbele lenye mbao za kijani. Alisema bawaba ya juu ya dirisha lile imelegea, kwa hiyo ukilifungua lazima uliinue kidogo. Alijua hata mahali ambapo saruji ya baraza imepasuka na mchwa wanatokea. Tukamwita Wa Dirisha la Kijani.

Alikuwa akiishi nchi ya baridi, hakusema ipi. Kila Jumapili aliongeza kitu. Watu walipenda kwenda kukaa barazani kwake, kwa maneno, na yeye aliwakaribisha. Siku moja, tulipokuwa tunakaribia kufunga, aliandika: "Kuna mtu humu anayeishi Kariakoo kweli? Nyumba hii ipo. Ni ya mama yangu. Marehemu. Naomba mtu apite aniambie kama dirisha bado ni la kijani." Akataja mtaa, na duka la dawa lililokuwa likitazamana nayo, akaacha na anwani yake ya barua pepe.

Nikamjibu kwamba nitapita.

Haikuwa mbali. Jumatatu, saa ya chakula cha mchana, nilikatiza kati ya wauza masufuria na wauza simu nikafika. Duka la dawa lilikuwepo. Mbele yake kulikuwa na uzio wa mabati mapya. Nilichungulia kwenye upenyo nikaona shimo refu, nondo zimesimamishwa kwenye pembe, na mafundi wakichanganya zege. Kariakoo nzima ilikuwa hivyo miaka ile. Uliondoka Ijumaa umeacha nyumba ya bati, ukirudi unakuta kifusi, na baada ya hapo ghorofa. Nilishaona mara nyingi na sikuwahi kusimama. Siku ile nilisimama.

Kando ya duka la dawa alikaa mama mmoja akiuza vitumbua na chai. Nilimwamkia, nikanunua, nikamuuliza kama anaifahamu nyumba iliyokuwa pale.

"Kuifahamu?" akasema. "Nilikuwa mpangaji humo mpaka walipokuja kung'oa bati. Chumba cha pili kushoto."

"Mwenye nyumba alikuwa nani?"

"Alikuwa bibi mmoja wa kutoka kusini huko. Alipokufa, ndugu za mumewe wakauza. Alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, lakini huyo yuko Ulaya, sijapata kumwona. Kwa nini unauliza?"

Nikamwambia kwamba huyo mtoto ndiye anayeuliza. Akaweka chini mwiko wa kugeuzia vitumbua.

"Anauliza kuhusu nini?"

"Anauliza kama dirisha bado ni la kijani."

Aligeukia mabati. "Mwambie lilikuwa la kijani mpaka siku ya mwisho," akasema. "Mama yake alilipaka kila mwaka. Mwenyewe, kwa mkono wake, hata alipokuwa haoni vizuri."

Nilirudi kazini bila kujua la kufanya. Katika kanuni zote nilizotunga, hakuna iliyosema mtu afanye nini nyumba ya ukumbini ikiwa nzima na ya kweli imekuwa shimo. Jioni, Bosi alipopanda kufunga hesabu, nilimweleza.

"Mwambie," akasema bila kufikiri.

"Atajisikiaje, Bosi, yuko peke yake huko?"

Akakaa kwenye kiti cha mteja. "Nilipokuwa mdogo, nyumba yetu ya kupangisha ilitaifishwa. Baba alikuwa safarini Tabora. Aliporudi, alipita kwa rafiki zake watatu wakanywa naye chai, wakazungumza habari za mvua. Aliyemwambia ni kinyozi. Baba hakumkasirikia kinyozi hata siku moja. Wale wa chai hakuwatembelea tena."

Nikamwandikia barua pepe usiku huohuo kabla sijashuka ngazi. Sikupamba. Nilieleza shimo, nondo, ndugu waliouza, na nikaandika maneno ya yule mama kama alivyoyasema. Hakujibu.

Jumapili alipiga hodi kama kawaida. Tukaitikia. Kisha akaandika: "Jirani zangu, nyumba yangu imebomolewa. Namaanisha ile ya kweli. Nimeambiwa wiki hii."

Kisha maneno yakaja kwa pamoja. Wa Cherehani akasema pole. Wa Mlango Mzito akasema hapa kwetu nyumba ipo na itabaki. Wa Jalala akaandika kwamba mtaa huu hauna greda na akija nalo mtu yeye atalizibia njia kwa mkokoteni. Mimi nilifarijika, nikadhani mambo yamekaa sawa. Lakini yeye akaandika: "Asanteni. Lakini naona kama nawadanganya. Naomba kiwanja changu kiwe ghorofa, kama ile inayojengwa kule." Akaaga.

Wakabishana mpaka muda ukaisha. Wengine walisema kiwanja ni chake, akitaka ghorofa apewe. Wengine walisema mtu mwenye msiba hapewi nyundo. Wakanigeukia mimi, mchoraji. Nikawaambia kwamba kanuni ni ileile: aliyepotea, jirani wa kulia analinda. Jirani yake wa kulia alikuwa Wa Kuku. Wa Kuku akaandika, "Nitalinda," na sikuchora ghorofa.

Wa Dirisha la Kijani hakuonekana Jumapili iliyofuata, wala iliyofuata hiyo. Kila mara Wa Kuku aliandika kwamba amefagia baraza ya jirani na amefungua dirisha, na kwamba amekumbuka kuliinua.

Sikujua kama yule mama wa vitumbua alikuwa amebaki akilifikiria jambo lile. Alikuja mwenyewe. Jumapili moja kabla ya kufungua ukumbi nilisikia viatu kwenye ngazi, akaingia, amevaa khanga mpya, akihema kwa sababu ya kupanda.

"Nimeuliza watu, wameniambia binti wa kompyuta yuko juu hapa. Huyo mtoto alisemaje?"

Nikamweleza yote. Nikamwonyesha manila, nikaweka kidole kwenye nyumba. Aliinama akaitazama kwa karibu sana.

"Choo hakikuwa huku," akasema. "Kilikuwa kulia. Na mpapai ulianguka zamani, mwaka wa mvua kubwa. Hapo tulipanda mlimao. Bomba tulilitengeneza, halivuji tena." Akasimama wima. "Huyu anakumbuka nyumba ya utoto wake. Ya mama yake alipokuwa mzee haijui."

"Unaweza kumwambia, mama?"

"Mimi sijui kuandika kwenye mashine."

"Wewe sema, mimi nitaandika."

Nilimvutia kiti karibu yangu. Nikaandika kwa wote kwamba leo tuna mgeni, mpangaji wa kweli wa nyumba ya dirisha la kijani, na nikamtumia Wa Dirisha la Kijani barua pepe fupi nikitumaini kwamba ataiona. Kisha yule mama akaanza. Alitupitisha korido, mlango kwa mlango: nani alikaa wapi, nani alipikia wapi, siku gani walifua. Wenzangu walimuuliza maswali na nilimsomea, naye akajibu kwa sauti kubwa kana kwamba wanamsikia. Wa Cherehani alitaka kujua kama mwenye nyumba alikuwa mkali. "Mkali kwa maji," akasema. "Ukimwaga maji ovyo utajuta. Kwa kodi alikuwa anasahau." Nikaandika, watu wakacheka, nikamwambia wamecheka, naye akacheka.

Alikuwa amefika kwenye mlimao aliponiona nimeacha kuchapa.

"Vipi?"

"Amepiga hodi, mama."

Akajifunika vizuri khanga yake mabegani. "Mwambie karibu. Mwambie chumba cha pili kushoto kinamwambia karibu."

Niliandika. "Shikamoo mama," akaandika, na hakuna aliyemkumbusha kanuni.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo huko? Muulize kuna baridi. Muulize anavaa sweta."

Nikauliza. Akasema kuna baridi na anavaa. Kisha akauliza alichokuwa akitaka kuuliza. Mama yake alikufa yeye akiwa hana karatasi za kumruhusu kutoka na kurudi, na habari alizopewa na ndugu kwa simu zilikuwa fupi sana. Aliugua muda gani? Nani alikuwa naye?

Mama wa vitumbua hakunitazama. Alitazama skrini, ingawa hakusoma. "Mwambie hakuwa peke yake. Tulipokezana sisi wapangaji. Mimi nililala naye chumbani siku za mwisho. Mwambie hakupata shida ya kumeza, uji alikunywa. Alimtaja, lakini si kwa kulalamika. Alisema kule aliko lazima ana njaa, kwa sababu alikuwa mchaguzi wa chakula."

Niliandika yote. Nilikosea herufi, nikazirekebisha. Ukumbini mle, wenye nyumba zote waliokuwa na kawaida ya kuandika kwa kugombania nafasi hawakuandika neno. Kwenye orodha ya waliomo, wote walikuwepo.

Alijibu maneno machache tu: "Asante mama. Hilo la njaa ni kweli." Halafu akaomba mpapai ufutwe na mlimao upandwe, na choo kihamishiwe kulia. Wa Jalala akasema kuhamisha choo ni kazi yake, watu wakacheka, na mimi nikachukua kifutio nikaenda ukutani.

Tangu siku ile yule mama alikuja mara kwa mara. Alipewa kiwanja chake, akajenga nyumba ya ghorofa yenye lifti, kwa sababu, alisema, amekaa nyumba ya chini maisha yake yote na hana hamu nayo. Hakukubali tumsimulie mtu mwingine habari za msiba ule kama kisa. Kodi za Kariakoo zilipozidi kupanda alihamia Kigamboni kwa binti yake, akawa anakuja kwa kivuko Jumapili akipata nafasi.

Wa Dirisha la Kijani alipata karatasi zake, akaja. Sikumpokea uwanja wa ndege. Tulikutana Magogoni asubuhi, kwenye foleni ya kivuko, kama tulivyoahidiana. Nilimjua kwa sababu alikuwa anatazama kila kitu. Alikuwa mnene kidogo, mwenye mvi, mkimya kuliko nilivyomtarajia baada ya kumsoma kwa muda wote ule. Tulivuka tukizungumza habari za majirani zetu ambao wengi wao hakuna kati yetu aliyewahi kuwaona.

Mama wa vitumbua alikuwa ametandika mkeka kivulini, nyuma ya nyumba ya binti yake. Alimshika mikono yote miwili, akamtazama, akamwambia amekonda, jambo ambalo halikuwa kweli. Alikuwa amepika wali, samaki wa nazi na mchicha, akakaa kumwangalia anavyokula. Mgeni alimaliza sahani akaongezwa, akaimaliza nayo. Waliongea mambo ya kawaida: bei ya viwanja, magoti ya mama, kazi anayofanya mgeni kule, kama ana watoto. Mimi nilikuwa nimejiandaa kusaidia, nikaona hakuna anayenihitaji, nikaenda kuosha vyombo na yule binti mwenye nyumba.

Niliporudi, mgeni alikuwa amelala palepale kwenye mkeka, viatu kavua, mkono mmoja chini ya shavu. Yule mama alikuwa amemfunika miguu kwa khanga na anafukuza nzi kwa upepeo.

"Tumwamshe?" nikamuuliza kwa sauti ya chini. "Asije akachelewa kurudi hotelini."

"Mwache," akasema. "Mama yake naye alilala hivyohivyo, mkono chini ya shavu. Nilikuwa najiuliza tangu asubuhi amechukua nini kwake, maana sura si yake."

Nikakaa upande wa pili wa mkeka. Akanipa upepeo nishike zamu, akaingia ndani kutafuta mto.